Niliogopa Panya, Nikaficha Mafua

Mwanangu alikuwa na miaka 2 na miezi 4 daktari wa watoto alipotuandikia kipimo cha MRI cha kichwa, yaani picha ya ndani inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Degedege lilikuwa limemshika mara tatu bila homa yoyote, na kila mara lilianzia mahali pale pale: mkono wa kulia unarukaruka, mdomo unapinda, kisha mwili wote unafuata. Daktari alitaka kuona ubongo wake umekaaje. Nilikuwa nimeshakubali aliposema, kama mtu anayetaja jambo dogo tu, kwamba mtoto wa umri huo hawezi kutulia ndani ya mashine dakika 40, kwa hiyo atapigwa nusu kaputi.

Usiku ule sikulala. Nilishika simu nikaanza kusoma. Mimi si mtu wa hospitali, ila kusoma najua, na nilidhani kujua kusoma kunatosha.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003. Panya wachanga wa siku 7 walipewa dawa za usingizi, na walipopimwa walikutwa seli nyingi za ubongo zimekufa. Wenzao waliopewa dawa hizo wakaachwa wakue walikuwa wazito wa kujifunza na kukumbuka. Nilifika hapo, nikazima simu, nikaenda kukaa kando ya kitanda cha mtoto. Alikuwa amelala chali, kidole gumba kimemchomoka mdomoni. Nikaapa moyoni kwamba dawa ile haimgusi.

Wiki 11 zilizofuata nazijutia mpaka leo. Tarehe ya kwanza ya kipimo ilipokaribia nilipiga simu nikasema tuna safari. Ya pili nikasema sina mtu wa kunisindikiza. Yote mawili yalikuwa uongo. Katika wiki hizo degedege lilimrudia mara nne, na la mwisho lilikwenda dakika 12. Degedege likipita dakika 5 ni dharura, mtoto apelekwe hospitali bila kungoja liishe lenyewe. Hilo nililijua. Nililokuwa sijalijua ni kwamba kuahirisha kipimo nako ni kuchagua hatari, ila ni hatari ya aina nyingine, isiyoandikwa kwenye makala niliyokuwa naisoma.

Tuliporudi nyumbani kutoka kule dharura, baba yake aliniomba nimwonyeshe huo utafiti. Akasoma kimya, akaniuliza, "Hao panya walipewa dawa kwa muda gani?"

Sikujua. Sikuwa nimefika huko.

Walipewa kwa saa 6. Tena si dawa moja, ni tatu kwa pamoja: midazolamu, gesi ya naitrasi oksidi na isoflureni. Panya huishi miaka miwili hivi, mitatu akijaliwa. Saa 6 za usingizi katika wiki ya kwanza ya mnyama anayekua kwa kasi ile si sawa na dakika 40 za mtoto wa miaka miwili. Siku ile ndipo nilipoanza kusoma upya, safari hii nikiwa na daftari, na kila utafiti nikiuuliza maswali yale yale: nani alipimwa, alipewa nini, kwa muda gani, na alilinganishwa na nani.

Swali la muda peke yake lilibadilisha mambo mengi. Kuna utafiti wa mwaka 2007 ambapo tumbili wachanga wa siku 5 walitiwa ketamini, dawa nyingine ya usingizi, kwenye mshipa. Waliotiwa kwa saa 24 mfululizo, seli za ubongo zilikufa. Waliotiwa kwa saa 3, hazikuzidi zile za wenzao ambao hawakutiwa kitu. Dawa ni ile ile, mnyama ni yule yule. Ningesoma kichwa cha habari tu ningeondoka na neno "ketamini inaua ubongo" na nisingejua zaidi ya hapo.

Swali la ulinganisho lilinichukua muda zaidi kulielewa. Zamani watafiti walikuwa wakichukua watoto waliofanyiwa upasuaji wakiwa wadogo, wakawalinganisha na ambao hawakufanyiwa, wakaona wa kwanza wako nyuma kidogo shuleni. Lakini mtoto anayepasuliwa akiwa mchanga mara nyingi ana ugonjwa uliomfikisha kwenye kisu. Utajuaje kilichomrudisha nyuma ni dawa au ni ugonjwa wenyewe?

Ndiyo maana utafiti mmoja niliusoma mara nne. Unaitwa GAS. Ulichukua watoto wachanga 722 katika nchi 7, wote wakiwa na ngiri inayohitaji upasuaji, wakagawanywa kwa kura. Kundi moja walilazwa usingizi kwa gesi ya sevoflureni. Kundi la pili walipigwa ganzi ya mgongoni wakabaki macho. Ugonjwa ule ule na upasuaji ule ule, tofauti ni usingizi tu. Walipofika miaka 5 wakapimwa akili. Wastani wa alama za IQ ulikuwa 98.97 kwa waliolazwa na 99.08 kwa waliobaki macho. Majibu hayo yalitoka mwaka 2019. Usingizi wao ulikuwa mfupi, muda wa kati ukiwa dakika 54, na hicho ndicho kitu nilichokuwa nakitafuta, kwa sababu wa mwanangu ungekuwa wa kiasi hicho hicho.

Kuna mwingine unaoitwa PANDA, wa mwaka 2016, uliotumia ndugu wa tumbo moja, jozi 105. Mmoja amewahi kulazwa usingizi kwa upasuaji wa ngiri kabla ya miaka 3, mwenzake hajawahi. Nyumba moja, wazazi wale wale. Wastani wa IQ ulitoka 111 kwa 111.

Sitaki kumwambia mzazi yeyote kwamba suala limekwisha, kwa sababu halijakwisha. Utafiti wa MASK uliochapishwa mwaka 2018, wenye watoto 997, haukuona tofauti ya IQ, lakini waliolazwa usingizi zaidi ya mara moja kabla ya miaka 3 walikuwa wazito kidogo katika kasi ya kuchakata mambo na kazi ndogo za vidole, na wazazi wao walieleza matatizo zaidi ya kusoma na ya tabia. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishatoa onyo Desemba 2016: kwa watoto chini ya miaka 3, usingizi unaozidi saa 3, au unaorudiwa rudiwa, huenda ukaathiri ubongo unaokua. Onyo hilo nalichukulia kwa uzito. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari ni kama kipimo kinahitajika sasa au kinaweza kungoja mtoto akue, na kama kuna vipimo vingine vinavyoweza kufanywa katika usingizi huo huo ili asilazwe mara mbili. Kwangu mimi, daktari alipoulizwa hivyo, aliunganisha MRI na kuchukua damu ambayo ingehitaji kumshikilia mtoto kwa nguvu siku nyingine. Ningeuliza wiki 11 nyuma, ningepata jibu lile lile.

Tukapewa tarehe ya tatu. Na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko la kwanza.

Siku mbili kabla, pua ya mtoto ilianza kuvuja maji. Usiku akakohoa. Nilijua ni mafua, nani asiyejua mafua? Lakini nilikuwa nimeshaahirisha mara mbili kwa uongo, na aibu ilinikaba. Nikajiambia ni maji tu, hayana rangi, homa hana. Nesi alipiga simu jioni: "Mama, mtoto ana mafua, kikohozi au homa?" Nikajibu hapana. Asubuhi mlangoni mwa hospitali nilimfuta pua vizuri, nikakunja kitambaa cha karatasi nikakisukumia chini kabisa ya mfuko wa koti langu.

Nilikosea na kwenye kufunga pia. Niliambiwa "asile baada ya saa sita usiku", nikaelewa asinywe hata maji, na kwa kuwa alilala mapema, alikaa saa 13 bila kitu tumboni. Utaratibu wa hospitali nyingi ni kufunga kwa muda wa saa 6 kabla ya usingizi kwa chakula na maziwa ya kopo, saa 4 kwa maziwa ya mama, na saa 2 kwa maji matupu. Tangu mwaka 2018 madaktari wa usingizi wa watoto wa Ulaya wamekuwa wakiruhusu maji hadi saa 1 kabla. Mtoto aliyekaukiwa na maji mishipa yake hujificha, naye huwa na hasira na woga kupita kiasi. Uliza kwa saa kamili: chakula mwisho saa ngapi, maziwa saa ngapi, maji saa ngapi. Andika. Na umpe hayo maji.

Waliniruhusu niwe naye anapolazwa. Alikaa mapajani mwangu, barakoa ikawekwa usoni. Alipiga kelele pumzi tatu nne, kisha mwili ukalegea. Kuna mambo ambayo hakuna aliyenitayarishia. Macho yalibaki nusu wazi, yakahama upande mmoja. Miguu ikarusharusha kidogo. Koo likakoroma. Kichwa chake kikawa kizito ghafla kwenye kiwiko changu, uzito ambao hakuwahi kuwa nao hata akiwa amelala usingizi wa kawaida. Kwa mtoto mwenye degedege, nilidhani limemshika. Nesi aliniambia ni hatua ya kawaida ya gesi, akanishika bega akanitoa nje.

Baada ya dakika 20 daktari wa usingizi alikuja mwenyewe. Alianza na "Mtoto yuko salama." Kisha akaniomba nikae. Wakati wanamwekea mrija wa dripu, koo la mwanangu lilijifunga. Nyuzi za sauti zinabana kabisa, hewa haipiti, kifua kinavuta bure. Oksijeni kwenye damu ilishuka hadi asilimia 62. Walisukuma taya mbele, wakampa oksijeni tupu kwa shinikizo, haikutosha, wakampa dawa ya kulegeza misuli, koo likafunguka. Kipimo hakikufanyika.

"Mama," akasema, "alikuwa na mafua?"

Nikatoa kile kitambaa mfukoni. Sikuweza kusema neno.

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alivuta kiti akanieleza kwamba njia ya hewa yenye mafua huwa imewashwa, kitu kidogo tu kinatosha kuifunga, na kwamba matatizo ya kupumua ni miongoni mwa hatari kuu za mtoto aliye usingizini. Akanitajia utafiti uliofanyika Perth, Australia, uliochapishwa mwaka 2010, wa watoto 9,297. Dalili za mafua siku ya kulazwa usingizi, au ndani ya wiki mbili kabla yake, ziliongeza matatizo hayo. Mafua yakishapita wiki mbili hatari inashuka. Mambo mengine yaliyoonekana pale ni kikohozi kikavu cha usiku, kubanwa kifua mtoto akikimbia, ukurutu wa ngozi, pumu au mzio kwa ndugu zaidi ya mmoja, na moshi wa sigara nyumbani. Hapo nikakumbuka mjomba wake, tunayeishi naye. Yeye huvutia nje ya mlango, nami sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni jambo la kumwambia daktari.

Miezi mitatu nilikuwa nimesoma kuhusu seli za ubongo za panya. Juu ya mafua, ambayo yalikuwa usoni mwa mwanangu, sikusoma hata mstari mmoja.

Aliniambia pia kilichowaokoa. Walimlaza kwenye chumba cha pembeni, si ndani ya chumba cha mashine. Ndani kule kila kitu ni kigumu zaidi kwa sababu ya sumaku. Nilimwomba mtaalamu wa mionzi anieleze, na maelezo yake naona kila mzazi angepaswa kuyasikia kabla ya kufika mlangoni. Sumaku ya MRI ni waya wa niobiamu na titaniamu uliozungushwa na kuzamishwa kwenye heliamu ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo umeme unazunguka bila kizuizi, kwa hiyo sumaku haizimwi. Inavuta mchana na usiku, hata mashine ikiwa kimya na taa zimezimwa. Ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina nguvu karibu mara 30,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza dira. Mwaka 2001 huko New York mtoto wa miaka 6 alikufa baada ya mtungi wa oksijeni wa chuma kuvutwa na mashine ya MRI ukampiga kichwani akiwa ndani yake. Ndiyo maana mtoto akipata shida mle, anatolewa nje kwanza ndipo atibiwe kwa vyombo vya kawaida.

Chuma, nikeli na kobalti ndizo zinazovutwa hivyo. Mimi nilikuwa na kibanio cha nywele kimoja nilichokisahau nyuma ya sikio. Mtoto alikuwa na vifungo vya kubana kwenye nguo ya kulalia. Mvalishe nguo isiyo na chuma hata kidogo, na usimvalishe fulana ya michezo, kwa kuwa baadhi hufumwa kwa nyuzi za fedha ambazo hazivutwi lakini hupata moto, na zimewahi kumuunguza mtoto. Kama ana kifaa chochote mwilini, hata cha sikioni, kiseme mapema pamoja na karatasi zake.

Tulipangiwa baada ya wiki 4. Wiki ya tatu akapata mafua tena, kama watoto wa umri huo wanavyopata. Safari hii nilipiga simu mwenyewe asubuhi, sauti ikitetemeka. Nesi akasema, "Asante kwa kutuambia, mama," akanipa tarehe nyingine wiki mbili na nusu mbele. Mazungumzo hayakufika dakika tatu. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nimekiogopa kiasi cha kumhatarisha mtoto.

Kabla ya tarehe hiyo niliandika ukurasa mmoja: mafua ya mwisho lini, anakoroma au hakoromi, dawa za degedege anazokunywa na saa zake, sigara ya mjomba, ukurutu wake wa utotoni, shangazi mwenye pumu. Daktari aliuliza jambo moja ambalo sikuwa nimeliandika: kama kuna ndugu aliyewahi kupandwa na joto kali ghafla au kufa akiwa kwenye nusu kaputi. Nilimpigia bibi yake pale pale. Hakuna. Ulizeni kwenu mapema, maana wazee ndio wanaojua. Dawa ya degedege ya asubuhi alipewa kama kawaida na maji kidogo, kwa maagizo ya daktari. Na kwa kuwa alikuwa amekunywa maji hadi saa zilizoruhusiwa, mshipa ulipatikana mara ya kwanza, juu ya mkono uliopakwa krimu ya ganzi saa moja kabla. Alilazwa kwa propofoli, dawa ya usingizi ya kwenye mshipa, badala ya barakoa ya gesi. Akazibwa masikio, kwa kuwa mashine ile inapiga kelele zinazozidi desibeli 100.

Kipimo kilikwenda salama. Kuamka ndiko kulikonitoa jasho. Alifungua macho akapiga mayowe, akapinda mgongo, akanisukuma. Alikuwa ananitazama lakini hanioni. Ilichukua dakika 15, kisha akalegea, akalala, akaamka akaniita mama. Kuchanganyikiwa huko wakati wa kuzinduka kunajulikana, hutokea zaidi kwa watoto wa umri wa chekechea na zaidi kwa waliolazwa kwa gesi kama sevoflureni, lakini mwanangu alikupata hata bila gesi. Hakuachi madhara. Usimtikise, usimlazimishe akutambue. Zuia asijiumize, punguza mwanga, ngoja. Muulize nesi kama ana maumivu, kwa sababu maumivu nayo hufanana na hivyo.

Picha ilionyesha sehemu ndogo ya gamba la ubongo, upande wa kushoto, ambayo haikujipanga vizuri alipokuwa tumboni. Ndiyo iliyokuwa ikiurusha mkono wa kulia. Dawa ilibadilishwa kwa kufuata majibu hayo, na degedege likapungua kutoka kila wiki chache hadi mara moja kwa miezi mingi. Nikiihesabu ile miezi ya kuahirisha, nahesabu na kila degedege lililomshika ndani yake.

Akiwa na miaka 6 alihitaji picha nyingine. Niliuliza kama lazima alazwe, wakaniambia tujaribu akiwa macho. Kwa wiki mbili tulicheza nyumbani: analala ndani ya boksi refu la kadibodi, nawasha sauti za MRI nilizozirekodi kwenye simu, naye anajaribu kubaki "jiwe" hadi nihesabu 300. Siku ya kwanza alifika 40. Siku ya tisa alimaliza akaomba tuendelee. Kule kwenye mashine nilisimama nje ya kioo, mifuko yangu yote mitupu, nikitazama nyayo zake mbili zilizochomoza kwenye blanketi. Hazikutikisika kwa dakika 35.